Supachaja ya MINI kwenye Mazda MX-5 ya zamani: breketi kwanza, nguvu baadaye

Supachaja, yaani pampu inayoendeshwa na mkanda wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi, ikifungwa nyumbani ni nadra kuharibikia ndani. Kinachowashinda wengi ni breketi (kishikio cha chaja) inayonesa, mkanda unaoteleza na petroli isiyofika ya kutosha. Hayo matatu yakikaa sawa, MX-5 ya kizazi cha kwanza yenye injini ya 1.6, ambayo ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 115 hivi, inaweza kufika 150 au 160 bila kuifungua injini. Yakipuuzwa, pistoni ndiyo italipa deni.

Kwanza tumalizane na zile feni ndogo za umeme zinazouzwa mtandaoni kwa jina la supachaja. Injini ya 1.6 ikizunguka mara 7,000 kwa dakika inavuta hewa lita 5,600 hivi kila dakika. Kuisukuma hewa hiyo kwa shinikizo la bar 0.4 kunahitaji kilowati 7 au zaidi, na kwa betri ya volti 12 hiyo ni karibu ampia 600. Feni yenye nyaya nyembamba kama za redio haiwezi. Inaziba njia ya hewa tu.

Chaja inayofaa hapa ni Eaton M45, ile iliyokuja na MINI Cooper S ya miaka ya 2002 hadi 2006. Kila mzunguko inasukuma lita 0.74. M62 ya Mercedes-Benz SLK 230 inasukuma lita 1 hivi, nayo iachiwe injini ya 1.8. Unaponunua M45 iliyotumika, izungushe kwa mkono. Iende laini, bila kukwaruza, na puli isicheze juu-chini. Mlio wa kukwatuka puani mara nyingi ni kiunganishi cha plastiki kilicholika, na hicho hubadilishwa kwa urahisi. Tatizo kubwa liko nyuma: kwenye MINI, sehemu ya nyuma ya chaja huendesha pampu ya maji kupitia gia zenye oili yake peke yake. Oili hiyo ikikauka, meno ya gia yanalika. Fungua pande zote mbili, mwaga kilichomo, uweke oili mpya ya supachaja, si ya injini. Tundu la pampu lizibwe kwa kibati cha alumini chenye oringi.

Kabla hujanunua chochote, piga magoti mbele ya gari uitazame puli ya kranki. MX-5 za mwanzo, za 1989 hadi mapema 1991, zina kranki ya pua (ncha ya mbele) fupi. Kitovu cha puli kina nafasi (mapengo) nne. Kwenye kranki ya pua ndefu zipo nane. Pua fupi ina udhaifu unaojulikana: kii yake, kipande cha chuma kinachofungia puli, hulegea, puli ikaanza kuyumba, na mwisho kranki yenyewe inaharibika. Ukiongeza mvuto wa mkanda wa chaja juu ya hilo, unaharakisha tu. Kama puli ya gari lako ina nafasi nne, tafuta injini nyingine kwanza.

Sasa hesabu ya puli. Puli ya kranki ya milimita 120 na ya chaja ya milimita 80 zinatoa uwiano wa 1.5. Injini ikiwa kwenye 7,000, chaja inazunguka 10,500, kasi ambayo M45 inaimudu bila shida. Shinikizo litakuwa karibu bar 0.4, kutegemea kipoza hewa na jinsi ekzosi inavyopumua. Usishawishike kuweka puli ndogo zaidi mapema. Chaja ya aina hii hupasha sana hewa: kwenye bar 0.5, hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 25 inaweza kutoka ikiwa na 90. Baada ya hapo unaongeza joto kuliko nguvu.

Breketi ndiyo kazi yenyewe. Tumia bamba la alumini la milimita 12 au chuma cha milimita 8, na lishike kwenye injini kwa bolti zisizopungua tatu zilizosambaa, za daraja la 10.9. Usiifunge kwenye bodi ya gari hata kwa tegemeo dogo, maana injini inacheza juu ya raba zake na bodi haichezi. Ukikanyaga mafuta mkanda unatoka kwenye mstari. Breketi yenye umbo la L iliyoshikwa upande mmoja tu itanesa hata ikiwa nene, kwa hiyo chomelea mbavu ya pembetatu au peleka mkono wa pili nyuma ya chaja. Ipime hivi: mkanda ukiwa umekazwa, weka geji ya saa kwenye pua ya chaja na umwombe mwenzako avute mkanda kwa nguvu. Ukiona zaidi ya robo milimita, rudi kwenye welding.

Mkanda wa awali wa oltaneta ni wa mifereji minne, na hautoshi. Mfumo wa chaja uwe wa mifereji sita. Mkanda uikumbatie puli ya chaja angalau nusu duara. Ukipungua hapo utateleza ukifika 5,000, hata ukiukaza mpaka bering zilie. Puli ya kukazia ikae upande uliolegea, karibu na chaja, igandamize mgongo wa mkanda. Angalia pia mwelekeo: chaja inayoendeshwa na upande wa mifereji inazunguka kama kranki, ila ikiendeshwa na mgongo inazunguka kinyume, na hapo haitasukuma kitu. Unga mweusi kwenye puli baada ya safari fupi maana yake puli haziko kwenye mstari mmoja. Mkanda unaong'aa kama kioo maana yake umeteleza.

Throto, mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta, iwekwe kabla ya chaja, kama MINI yenyewe ilivyo, na valvu ya kupitisha hewa pembeni irudishe hewa kutoka mdomo wa kutolea wa chaja hadi wa kuingilia wakati hukanyagi mafuta. Wanaoiweka throto baada ya chaja bila valvu hiyo hujifunza haraka: ukiachia pedali kwenye 6,000 chaja inaendelea kusukuma, hewa haina pa kwenda, na hozi inachomoka kwa kishindo au mkanda unakatika. Hozi ya buster ya breki na ile ya mvuke wa kranki zote ziwe na valvu za njia moja, la sivyo shinikizo litaingia kwenye buster na kwenye sampu (bakuli la oili), na oili itaanza kutokea kwenye sili.

Upande wa petroli, mita ya hewa yenye mlango wa kufunguka itafika mwisho mapema, kwa hiyo weka kompyuta inayosoma shinikizo la manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), mfano MegaSquirt, yenye sensa ya bar 2.5 na sensa ya joto la hewa. Kwa farasi 160, kila injekta inahitaji kutoa takriban sisi (sentimita za ujazo) 310 kwa dakika ikifanya kazi asilimia 80. Chukua za 330 hadi 360. Hozi ya regyuleta ya petroli iunganishwe moja kwa moja na manifodi. Kiwandani imepitia valvu ndogo ya umeme ya kusaidia kuwasha injini ikiwa moto, na hiyo iruke.

Kompyuta na injekta zifungwe kabla ya chaja. Endesha gari hivyo mpaka liwake na kutulia vizuri, na uhakikishe kwa taa ya taimingi (wakati wa cheche) kwamba digrii inazosema kompyuta ndizo zilizopo kwenye puli. Ukifunga vyote siku moja, gari likikataa kuwaka hutajua uanzie wapi.

Chaja ikiingia, chini ya shinikizo uwiano wa hewa na petroli uwe 11.5 hadi 12, ukiusoma kwa sensa pana (wideband) ya oksijeni. Punguza taimingi digrii 1 kwa kila bar 0.07, yaani kama 6 kwenye bar 0.4, kisha rudisha taratibu ukisikiliza mgongano, yaani mlio wa petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda. Plagi ziwe baridi zaidi kwa hatua moja, NGK BKR7E badala ya BKR6E, pengo milimita 0.8. Namba ya uwiano wa hewa na petroli ikianza kupanda, tuseme kutoka 11.8 hadi 12.8 baada ya 6,000, ondoa mguu mara moja: pampu ya petroli imechoka, na kuongeza muda wa injekta hakutasaidia.

Klachi ya 1.6, ya milimita 200, inaweza kuanza kuteleza kwenye gia ya nne. Difu yake ya inchi 6 ndiyo ya kuiangalia zaidi, hasa kwa anayependa kuondoka kwa kishindo. Difu ya 1.8, ya inchi 7, huingia ikiwa na shafti zake na propela yake.