Mziki wa gemu ukiisha kimya, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Natengeneza kagemu kadogo ka kompyuta kwa lugha ya Python na Pygame (maktaba yake ya kutengenezea magemu), mchezaji anakwepa mawe yanayodondoka basi. Mziki wa chinichini unapiga vizuri ila ukifika mwisho unanyamaza na gemu linaendelea bubu. Nikaona niweke play(), amri ya kupiga wimbo, ndani ya while (kitanzi kinachorudia msimbo wa gemu) ili iwe inaanza tena yenyewe, sasa ndo imekuwa mbaya zaidi, nasikia mkwaruzo tu. Faili ni MP3. Naomba msaada.

JIBU: Nzuri ndugu msomaji. Huo mkwaruzo ni mwanzo wa wimbo wako. While ya gemu inazunguka tuseme mara 60 kwa sekunde, na kila ukiita play() wimbo unaanza upya, kwa hiyo haupati nafasi ya kwenda popote. Itoe humo kabisa. Kurudia wimbo ni kazi ya mixer yenyewe, yani sehemu ya Pygame inayopiga sauti, we unaipa amri mara moja tu kabla while haijaanza:

pygame.mixer.music.load("mziki.ogg")
pygame.mixer.music.play(-1)

Hiyo -1 ndo inayosema rudia bila kikomo. Usiweke 1, maana 1 ina kikomo, wimbo utaisha halafu kimya kilekile. Na sauti za jiwe kugonga ziweke kwenye pygame.mixer.Sound, kwa sababu kule kwenye music unakaa wimbo mmoja tu kwa wakati, ukipakia mwingine wa kwanza unakatwa. Wanaotumia lugha ya Java wao wana clip.loop(Clip.LOOP_CONTINUOUSLY), wazo ni lilelile.

Sasa umeona nimeandika ogg, aina nyingine ya faili la sauti, na hapa ndo nataka ukae kidogo maana watu wengi wakishapata -1 wanaona wamemaliza, kumbe kila wimbo ukirudi mwanzo kuna kakimya kanapita na mchezaji anakasikia hata kama hajui ni nini. MP3 inahifadhi sauti kwa vipande vya sampuli (vipimo vidogovidogo vya sauti) 1152, kipande cha mwisho kisipojaa kinajaziwa ukimya, na mwanzoni nako unaongezwa kidogo. Kwa wimbo wa kusikiliza tu haina shida, kwa lupu, yani wimbo unaojirudia, inaharibu mdundo wote. OGG haina tatizo hilo. Ila usiigeuze hiyo MP3 hivihivi kuwa OGG, ukimya utahama nao, anzia kwenye WAV ya asili (faili la sauti lisilobanwa), kama huna basi fungua MP3 kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, ukate ukimya pande zote mbili ndo uhifadhi. WAV yenyewe pia inarudia safi ila dakika moja ya stereo inakula kama MB 10.

Ukikata, kata palipo na mdundo, usikate katikati ya kipigo. Ukisikia kamlio kadogo ka "tik" pale panapoungana, vuta picha ya sauti kwa karibu usogeze mkato hadi wimbi linapopita sifuri, yani mstari wa katikati, mwanzo na mwisho vyote.