Sabufa ya kuongeza kwenye spika ulizonazo: anza na spika zenyewe

Mkuu, nimekuelewa hivi: una spika mbili za kuweka juu ya rafu, kila moja ina koni ya inchi 6.5, una amplifaya ya stirio ya zamani isiyo na tundu la sabufa, na unauliza mambo mawili. Je, ni lazima sabufa iwe ya kampuni ileile ya spika? Na kati ya inchi 8, 10 na 12 uchukue ipi? Nakujibu kwa yaliyonikuta, maana nilianza na vifaa vya namna hiyohiyo, na sabufa yangu ya kwanza sikukaa nayo hata miezi mitatu.

La kampuni liondoe kichwani kabisa. Zinazotakiwa kufanana ni spika za kushoto na kulia, kwa sababu zinabeba sauti za watu na ala, na tofauti ndogo hapo sikio linaikamata mara moja. Sabufa inafanya kazi huko chini, kwa kawaida 80 Hz (mitetemo 80 kwa sekunde) kushuka. Huko kinachopimwa ni hewa kiasi gani inasukumwa na koni inatulia haraka kiasi gani noti ikiisha.

Sasa chukua kijitabu cha spika zako, tafuta pale panapoandikwa masafa, yaani kutoka sauti ya chini hadi ya juu ambazo spika inafika. Namba ya kwanza ndiyo unayoitaka, lakini angalia na kilichoandikwa pembeni yake. 50 Hz kwa kupungua desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 si sawa na 50 Hz kwa kupungua desibeli 10. Hiyo ya pili maana yake ni kwamba kwenye 50 Hz spika imeshachoka kitambo. Koni ya inchi 6.5 mara nyingi huanza kuishiwa pumzi kati ya 45 na 60 Hz. Linganisha na muziki wenyewe: uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne ukipigwa wazi unatoa 41 Hz, la nyuzi tano linashuka hadi 31 Hz, na kitufe cha mwisho kushoto kwenye piano ni 27.5 Hz. Kwa hiyo besi unaisikia, ila unasikia zaidi zile sauti za juu yake, za 82 Hz na 123 Hz, na ubongo unajazia mzizi uliokosekana. Unachotafuta ni sabufa ya kujaza pengo hilo tu. Siyo ya kuanzisha muziki mwingine chini ya muziki ulionao.

Mimi nilidhani kubwa ndiyo bora. Nikachukua ya inchi 12 yenye tundu la hewa, nikaisukumia konani kwa sababu ndipo palipokuwa wazi. Usiku wa kwanza nikaweka wimbo ambao gitaa la besi linatembea, noti nane zinapanda na kushuka. Ile ya chini ilikuja kama mtu anasukuma mlango kwa bega, vioo vya kabati vikatetemeka. Ya tatu na ya nne sikuzisikia kabisa. Nikapunguza sauti, noti ya chini bado ikavuma na nyingine zikazidi kupotea. Niliumia, maana nilikuwa nimejinyima muda mrefu kuipata.

Baadaye nikapima chumba. Urefu ulikuwa mita 4.3. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la 40 Hz lina urefu wa mita 8.6 hivi, na nusu yake ni mita 4.3, sawasawa na chumba changu. Wimbi hilo likishaingia kati ya kuta mbili linajipiga na kujiongeza. Na kiti changu kilikuwa kimegusa ukuta wa nyuma, mahali ambapo mvumo huo huwa mkubwa kuliko kwingine kote. Noti ya chini ya gitaa la besi, 41 Hz, ilikuwa inaangukia hapohapo. Kwa hiyo kabla hujailaumu sabufa, lazima ujue chumba chako kinavuma wapi: zidisha urefu wa chumba kwa mbili, kisha gawanya 343 kwa jibu hilo. Fanya hivyo kwa upana pia.

Dawa iliyonisaidia ni hii. Sabufa inawekwa mahali unapokaa, juu ya kiti chenyewe ikiwezekana. Unaweka wimbo wenye besi inayotembea, halafu unatambaa kando ya kuta, sikio likiwa chini pale sabufa itakapokaa. Nilipita konani nikasikia uleule mngurumo. Nikasogea, mkono kwa mkono, na kama mita moja kutoka kona ya kushoto, ukuta wa mbele, noti zote nane zikasimama sawa. Nikarudi nyuma hatua moja, zikaharibika. Nikasogea tena, zikakaa. Nikabandika kipande cha karatasi sakafuni na hapo ndipo sabufa iko hadi leo. Kiti nacho nikakisogeza mbele, kikaachana na ukuta.

Turudi kwenye ukubwa. Koni ya inchi 12 ina eneo zaidi ya mara mbili ya inchi 8, na eneo hilo lina kazi yake: kushuka kutoka 40 Hz hadi 20 Hz kwa sauti ileile kunahitaji kusukuma hewa mara nne. Ndiyo maana sabufa ndogo inayojitangaza kwamba inafika 20 Hz, mara nyingi inafika kwa kunong'ona. Wati nazo zisikutishe, kwani kuzidisha wati mara mbili kunakuongezea desibeli 3 tu.

Kwa muziki kwenye chumba cha kawaida, mimi ningechukua ya inchi 10 yenye boksi lililofungwa. Yenye tundu la hewa inatoa sauti kubwa zaidi kwa koni hiyohiyo, lakini chini ya kiwango ilichopangiwa inaanguka ghafla, desibeli 24 kila masafa yakishuka kwa nusu. Iliyofungwa inashuka taratibu, desibeli 12, na chumba kidogo chenyewe huinua besi ya chini, kwa hiyo viwili hivyo vinasaidiana. Kama sebule ni kubwa na unapenda sinema za milipuko, hapo yenye tundu ina haki yake.

Sasa jambo ambalo kwako wewe ni kubwa kuliko inchi: geuza sabufa uangalie mgongo wake. Kwa kuwa amplifaya yako haina tundu la sabufa, unahitaji yenye sehemu ya kuingiza waya za spika. Unatoa waya palepale zinapotoka za spika zako, unapeleka kwenye sabufa. Haielemei amplifaya, kwa sababu inachukua umeme kidogo sana. Zima kila kitu kabla ya kuunga. Na soma kijitabu cha amplifaya kwanza, kwani kuna ambazo waya mweusi hautakiwi kabisa kuunganishwa na waya wa ardhi (earth), na ukikosea unaiunguza. Sabufa nyingi za siku hizi zina matundu ya RCA (yale madogo ya duara, si ya waya za spika) peke yake, usikubali kuambiwa ni sawa tu.

Ukiunga hivyo spika zako zitaendelea kupiga masafa yote, hakuna kinachozikata kule chini. Ule ushauri wa kuweka krosova, yaani kiwango ambacho sabufa inaanzia kushuka chini, kwenye 80 Hz ni kwa wenye mashine inayozikata spika kwenye kiwango hichohicho. Ukiuiga, kati ya 50 na 80 Hz vyote viwili vitapiga pamoja na besi itakuwa nzito kama uji. Anza na 50 Hz. Kipimo changu ni sauti ya mwanaume anayesoma habari: akianza kunguruma kifuani kuliko binadamu wa kawaida, krosova iko juu, ishushe.

Fezi, yaani swichi au kitufe cha kulinganisha mwendo wa koni ya sabufa na wa spika, usiiache ilivyokuja. Piga mlio wa 50 Hz, kaa kitini, mwenzako azungushe au abadilishe kati ya 0 na 180, na uache pale sauti inapokuwa kubwa. Kama kuna swichi ya kuifanya sabufa ijizime yenyewe, iweke isifanye kazi, kwa sababu ukisikiliza kwa sauti ya chini usiku sabufa italala katikati ya wimbo. Kukiwa na mvumo wa umeme usioisha, chomeka sabufa na amplifaya kwenye soketi moja kwanza.

Nitajie urefu na upana wa chumba, na kama kiti chako kimegusa ukuta. Nikishajua hivyo viwili naweza kukuambia uanze kutambaa kutoka upande gani.