Kwa nini beki kinda wa hoki hung'aa au hupotea

Ndugu, umeuliza inakuwaje beki aliyechaguliwa mapema kwenye drafti (zamu za timu kuchagua vijana) ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini, apotee, halafu wa nyuma yake awe nyota. Watazame wawili waliochaguliwa na timu ya Chicago. Cam Barker alichukuliwa wa 3 mwaka 2004, ana umbo kubwa na shuti la nguvu. Duncan Keith alichukuliwa wa 54 mwaka 2002, mwembamba, hana makeke. Keith akashinda tuzo ya beki bora mara 2 na Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, mara 3. Barker aliishia mechi 310 tu za NHL.

Kwenye ligi za vijana, beki mkubwa mwenye shuti anatawala kwa sababu ana muda. Huku juu NHL muda haupo: anageuka kuchukua kisahani (ndicho mpira wa hoki ya barafuni) nyuma ya goli lake huku washambuliaji wawili wanamjia kasi, na lazima awe ameshajua pasi inakwenda wapi kabla hajakigusa. Miguu mizito hapo haifichiki. Keith alikuwa na miguu.

Tena hakuharakishwa, na hili mashabiki hatulipendi. Alikaa misimu 2 ligi ya chini, kule Norfolk, ndipo akapandishwa 2005. Mshambuliaji kinda akikosea, nyuma yake kuna watu. Beki akikosea, kipa anaokota kisahani wavuni. Ukimrusha mapema anaanza kucheza kwa woga, na woga huo kuutoa ni kazi.

Nicklas Lidström, beki nyota wa Detroit, naye alichaguliwa wa 53 tu.