Kobe mchanga hali chakula, nimchome dawa ya minyoo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu ana kobe mdogo aliyeanguliwa bustanini kwetu Sakina, Arusha, mwezi wa tano. Sasa ana wiki nzima hali, macho ameyafumba, kajikunyata tu. Anakaa kwenye boksi jikoni, tunampa mkate na nyanya. Muuza dawa za mifugo kaniambia nimchome ivermectin kidogo. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, mama. Usimchome. Ivermectin inawafaa mbuzi na ng'ombe, lakini kwa kobe ni sumu: inalegeza misuli mpaka anashindwa kupumua. Hilo la "kidogo" lisikudanganye. Minyoo hupimwa kwenye kinyesi kwanza, na ikionekana kuna dawa nyingine.

Kwa maelezo yako, nashuku zaidi baridi na upungufu wa maji. Kobe hategemei joto la mwili wake bali la mahali alipo, na Julai ya Arusha unaijua. Akipoa, tumbo nalo husimama. Ukimlazimisha kula, chakula kitamwozea ndani.

Basi anza na joto. Funga balbu juu ya upande mmoja wa boksi, chini yake pawe nyuzi 32 hivi, upande wa pili pawe na ubaridi kiasi ili ajichagulie. Balbu za LED hazitoi joto la maana. Nunua ile ya kulelea vifaranga, na uipime kwa kipimajoto maana ikishushwa mno inaunguza. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo itasaidia.

Akishapata joto, mwogeshe asubuhi na jioni, dakika 15 hadi 20, kwenye beseni la maji ya vuguvugu yasiyopita kidevu. Pima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, na usibanduke hapo. Humo atakunywa na kujisaidia. Uteute mweupe anaotoa ni wa kawaida. Ukiwa na chengachenga kama mchanga, maji bado hayatoshi.

Mkate acheni kabisa, nyanya pia. Mpe nyasi laini, majani na maua ya haibiskasi yasiyopuliziwa dawa, na unga wa maganda ya mayai kidogo kwa ajili ya gamba. Mtoeni kwenye jua la asubuhi, palipo na kivuli pia, mtu akiwa karibu kwa sababu ya kunguru. Jua la nyuma ya kioo cha dirisha halihesabiki, miale anayoihitaji haipiti.

Macho kuvimba huweza kuwa upungufu wa vitamini A, lakini msimpe matone bila daktari. Ikizidi nayo hudhuru. Mkiona mapovu puani, akihema mdomo wazi, au siku mbili tatu za joto na maji hazijamfumbua macho, mleteni kliniki akiwa ndani ya boksi lenye joto, pamoja na kinyesi kibichi.

Halafu kuna kibali: kobe ni mnyamapori, na sheria ya wanyamapori ya 2009 inamhusu. Ulizeni ofisi ya wanyamapori mapema.