Mwanangu, ajira usiiache mwezi huu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili: kwanza nikiwa barazani na kelele za bodaboda, kisha ndani, mlango nimeufunga. Umeuliza kama uache kazi ya pale kwenye ofisi ya uchapaji Kariakoo ujitegemee kwa usanifu wa picha na tovuti, au ukubali tu kwamba mashine ya akili mnemba inayochora nembo kwa nusu dakika imeshakuwahi, utafute kazi nyingine kabisa. Mama yako alitaka nikupigie palepale. Nikamwambia hili ni la kuandika.

Kwa kifupi, ufundi wenyewe usiuache, na ajira usiiache bado. Maelezo ni marefu kidogo, nivumilie.

Nilianza kushika brashi mwaka 1984, hapahapa Ngamiani, Tanga, nikimfuata fundi aliyekuwa akiandika mabango ya maduka na migongo ya malori. Miaka miwili ya mwanzo sikuandika hata herufi moja ya mteja. Nilipiga mistari ya chaki, nikasafisha brashi kwa mafuta ya taa, nikajaza rangi ndani ya herufi alizokwisha kuzichora yeye. Somo lake la kwanza lilikuwa O. Ukiichora O urefu uleule wa H, jicho litaiona fupi, imenywea. Sharti ipite mstari kidogo juu na kidogo chini ndipo zionekane sawa. Na A ikikaa jirani na V, ukizipa nafasi ya rula, katikati patabaki pengo kama la jino. Rula itakwambia sawa, jicho litakataa, na mteja hanunui kwa rula.

Mashine za fleksi, zile zinazochapa mabango ya plastiki, zilinifikia mwaka 2004, wewe ukiwa darasa la tatu. Bango nililolihangaikia siku tatu likawa linatoka kwa saa moja, tena lina picha. Mwaka ule nilijaa kinyongo, mama yako shahidi. Nilikuwa napita mitaani nikisema fleksi itapauka kwa jua. Kweli ilipauka. Mteja akachapa nyingine.

Aliyeniokoa ni kijana wa jirani, akanikalisha mbele ya kompyuta na kunifundisha CorelDRAW, programu ya kuchorea, kwa malipo ya chai na mihogo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kadi 300 za mchango wa harusi. Kwenye skrini buluu iling'aa kama maji ya ufukwe wa Raskazone asubuhi. Karatasini ikatoka zambarau iliyofifia. Sikujua kwamba skrini huchanganya mwanga wa nyekundu, kijani na buluu, ilhali mashine ya uchapaji huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na zipo buluu ambazo wino hauzifikii. Halafu maandishi nilikuwa nimeyasukuma hadi ukingoni, kisu cha kukatia karatasi kikala herufi ya mwisho ya jina la bwana harusi. Nikazichapa upya kwa fedha yangu. Wewe makosa ya namna hiyo unayafanya kwenye karatasi ya mwajiri, ukicheka na mafundi wa mashine. Ndiyo sababu mojawapo ya kukaa hapo kidogo zaidi. Ukiondoka, uondoke ukiwa umejua kila kitu cha pale, pamoja na kuzungumza na mtu wa kisu.

Sasa hili la mashine zinazochora. Nimeziona, mjukuu wa jirani alinionyesha. Zinachora vizuri kuliko nilivyochora mimi ujanani, sitakudanganya. Lakini nikukumbushe habari ya yule fundi cherehani wa barabara ya 12. Alikuja akitaka bango lenye picha ya mwanamume amevaa suti. Nikamwuliza, suti umeshona ngapi mwaka huu? Akafikiri, akasema mbili. Na watu wanaoingia kila siku wanaleta nini? Sare za watoto na zipu zilizoharibika. Basi nikamwandikia SARE ZA SHULE, ZIPU UNASUBIRI, herufi kubwa nyeupe juu ya buluu, bila suti. Januari ile foleni yake ilifika kwa muuza maji. Angeiomba mashine suti, ingempa suti nzuri ajabu, wala isingemwuliza anashona ngapi. Kazi ya kuchora nembo kwa shilingi elfu kumi tu, ya haraka haraka, imekwenda na hairudi. Usiililie kama mimi nilivyolilia brashi. Anayekaa na mteja nusu saa na kumtoa kwenye suti hadi kwenye zipu, huyo bado anatafutwa.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, nguvu zangu ningezielekeza kwenye tovuti. Bango ukishalikabidhi umemalizana na mtu. Tovuti ina jina la kulipiwa kila mwaka, ina nafasi ya seva, ile kompyuta inakohifadhiwa, bei hubadilika, picha zinapitwa na wakati, siku mbaya inaingiliwa na wahuni. Mwenye duka hawezi kuyashika yote hayo, atakulipa umshikie. Hiyo ndiyo fedha inayolipa kodi ya nyumba mwezi ambao hakuna harusi.

Jifunze HTML na CSS, lugha za kujengea kurasa za tovuti, kwa mkono, hata kama utatumia WordPress, programu inayokurahisishia ujenzi, maisha yako yote. Fundi asiyejua kuchanganya rangi yake ananunua kosa la kiwandani. Ulinionyesha mwenyewe ile tovuti ya kwanza ya Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa tovuti, kule CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ya mwaka 1991, ikafunguka kwenye simu yangu hii yenye ufa. Maandishi matupu na viungo, basi. Halafu ukanifungulia tovuti ya hoteli moja, nikaisubiri hadi nikapitiwa na usingizi. Picha moja ya megabaiti 4 juu kabisa, mteja yuko Lushoto na bando la siku: huyo anafunga, anampigia mwingine. Punguza picha. Jaribu kazi yako kwenye simu ya bei ya chini, nje, saa saba mchana. Yale maandishi ya kijivu mnayoyapenda vijana hayaonekani juani, na ninyi wenyewe mna kipimo chenu, maandishi na mandhari yatofautiane kwa mwangaza angalau 4.5 kwa 1. Kifuate.

Na Kiswahili kina urefu wake. Violezo vingi vya tovuti vimekatwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Ukiandika "Endelea na malipo" kwenye kitufe, neno linamwagika nje. Anza na maneno ya mteja, kisha ndipo upime kitufe. Fungua sanduku la bibi yako utazame kanga: pindo, mji wa katikati, na jina, yaani yale maandishi. Rangi na mji unaviona mtu akiwa ng'ambo ya barabara, jina unalisoma akikukaribia, nalo limepewa mahali pake kabla kitambaa hakijachapwa. Hakuna aliyelichomeka mwishoni palipobaki.

Upande wa fedha ndiko nilikokosea zaidi maishani, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nilifanya kazi miaka 20 kwa kuaminiana, na kuna taasisi moja hapa mjini ilinizungusha hadi deni likafa kwa aibu yangu mwenyewe. Wewe andika. Chukua nusu kabla hujafungua kompyuta. Andika idadi ya masahihisho, mathalani matatu, la nne analipia. Mteja asaini prufu, nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, na tahajia aikubali yeye kwa mkono wake. Jina la tovuti, iwe .co.tz au jingine, lisajiliwe kwa jina la mteja. Wapo wanaolishikilia ili wasiachwe, huo ni uhuni. Usajili wa biashara kule BRELA na namba ya mlipakodi, TIN, unavijua, kamilisha.

Na uhifadhi michoro yako ya awali yenye tarehe. Unamkumbuka Mzee Ngosha, aliyefariki mwaka 2017 Dar es Salaam akisema ndiye aliyechora nembo ya Taifa? Wapo wanaosema mchoraji alikuwa Jeremiah Kabati, na ubishi haujaisha. Nembo iko kwenye hati yako ya kusafiria. Mimi simjui mkweli nani, ila kila nikiitazama naona tulivyokuwa, sisi wote wa brashi: tunamaliza kazi, tunanawa mikono, tunaondoka bila karatasi.

Ndugu watakuja na "nifanyie tu kalogo". Mfanyie mmoja kwa mwaka, bure kabisa, kwa moyo. Wengine wape bei. Ile nusu bei ya kirafiki inaleta ugomvi pande zote mbili.

Basi nikwambie lini. Ukiwa na wateja watatu wanaokulipa kila mwezi kwa kutunza tovuti zao, na kodi ya miezi sita iko benki bila kuguswa, peleka barua ya kuacha kazi, nami nitakuombea dua. Kabla ya hapo, jioni na Jumamosi zinatosha. Msimu wa kadi za mwisho wa mwaka usiukimbie, una fedha na una mafunzo. Ukiona mwajiri anachukia kazi zako za jioni, soma mkataba wako kwanza, halafu zungumza naye mwenyewe kabla hajasikia kwa watu.

Mama yako anauliza kama unakula. Ametengeneza achari ya embe, nitaituma kwa basi la Alhamisi, ukaipokee mwenyewe.

Ile nembo ya muuza samaki uliyonitumia nimeiangalia kwa miwani na bila miwani. Ngalawa imetulia, rangi ni mbili tu, safi. Lakini kwenye neno KOLEKOLE zile O zote mbili zimezama. Zinyanyue kidogo, unirudishie nione.

Ni mimi baba yako,
Tanga