Uliza Babu wa Reli: Treni ya Bububu

SWALI: Shikamoo Babu. Nilikwenda Unguja kwenye harusi ya binamu yangu. Ndani ya daladala ya Bububu konda akatuambia mahali pale pamepewa jina na mlio wa treni: bu-bu-bu! Nikacheka. Unguja na treni wapi na wapi? Na kama ilikuwepo, ilifanana na hii yetu? – Msomaji, Igogo, Mwanza

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Kwenye treni umecheka bure, ilikuwepo. Kampuni ya Wamarekani iliitandika, ikaanza kazi 1905: maili saba, kutoka Ngome Kongwe mjini hadi Bububu. Sisi hapa Mwanza tulikuwa bado. Reli ya kutoka Tabora ilitufikia 1928.

Kufanana, hapana. Yetu ni mita moja, ukipima kati ya reli na reli kwa ndani. Nimekaa gengi, kikosi cha kutengeneza njia ya reli, miaka mingi; geji, kile kipimo cha upana wa njia, haikunitoka mkononi. Yao ilikuwa futi tatu, milimita 914. Tofauti ni 86 tu, kama vidole vinne ukivibana, lakini behewa letu ukilipeleka kule halikai juu ya reli hata dakika moja. Reli nyembamba ina faida yake: gharama ndogo, na inakata kona kali. Ile ya Unguja ilipita kwenye mitaa ya kubanana, karibu na milango ya watu.

Sasa huyo konda. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyekuwa Sultani wa Zanzibar, aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886. Aliwahi kuishi huko. Treni ya 1905 itapaje jina mahali palipokwisha kuitwa hivyo? Wapo wanaosema ni mlio wa maji ya chemchemi, na mimi hao nawaelewa zaidi, maana maji ya mjini yalitoka upande huo. Ila konda mwache, nauli umelipa na hadithi umepata.

Kilichoiua ni motokaa. Abiria walikoma 1922, ikabaki kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, kisha reli zikang'olewa. Nilipokwenda likizo nilizunguka Ngome Kongwe nimeinamisha kichwa, natafuta japo taruma moja, lile gogo la kulalia reli. Bibi yenu akaniuliza nimedondosha nini.