Mkate Chini ya Mretemu: Majibu kwa Waliochoka Rohoni

Barua za wiki hii zinatoka Malindi na Lamu, na waandishi wake wote wanauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu akiishiwa nguvu za mwili na za roho, tumaini la Kikristo linamshikaje?

Nafundisha Shule ya Jumapili, naimba kwaya, na tangu mwaka jana namuuguza mama mkwe. Nikipiga magoti maneno hayaji, nasinzia tu. Je, Mungu ameniacha? (Mama, Maweni)

Mama, mtu anayeamka mara tatu usiku kumgeuza mgonjwa akisinzia katika maombi, huo ni mwili unaodai deni lake, wala si dalili ya kuachwa na Mungu. Fungua 1 Wafalme 19. Eliya, aliyekuwa ametoka tu katika ushindi mkubwa wa Mlima Karmeli, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akaomba afe. Malaika aliyemjia hakumkemea wala hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia aamke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa pamoja na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili kumlisha. Lile swali gumu, anafanya nini pale, aliulizwa na Mungu baadaye kule mlimani Horebu, alipokwisha kushiba na kulala. Sisi wahubiri (na mimi nimo) hupenda kuikimbilia sauti ndogo ya utulivu aliyoisikia Eliya huko Horebu, mkate tukauruka.

Kwa hiyo nakushauri uiweke kwaya kando kwa miezi mitatu, na umwambie mwalimu wa kwaya wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Waite mashemeji na mawifi, mgawane usiku wa kumkesha mama yenu, kwa kuwa ni mama yao kabla hajawa mkweo. Usiku sema sentensi moja tu, "Bwana, unirehemu", kisha ulale. Warumi 8:26 inasema kwamba tusipojua kuomba jinsi itupasavyo, Roho mwenyewe hutuombea.

Nimeambiwa ukavu wangu wa kiroho unatokana na kutofunga vya kutosha. Nimemaliza siku tatu bila chakula wala maji na sioni badiliko. Niendelee hadi saba? (Kijana, Muyeye)

Usiendelee, mwanangu. Kunywa maji sasa hivi, kidogo kidogo, kisha uji mwepesi, na ukiona kizunguzungu nenda hospitali leo hii.

Sisi wa Kaunti ya Kilifi hatuwezi kulijibu swali kama lako kijuujuu. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto, baada ya watu kuaminishwa kwamba wakijinyima chakula hadi kufa watakutana na Yesu. Yesu mwenyewe alipofunga siku 40 mwishowe aliona njaa, na Mathayo anaeleza kwamba malaika walikuja wakamtumikia. Saumu ya Kikristo ina mwisho, na ndani ya Isaya 58 kipimo chake ni mwenye njaa kugawiwa mkate. Hakuna mahali inapogeuzwa kuwa bei ya kumnunua Mungu aliyenyamaza. Mtu anayekuongezea siku za kufunga kila unapomwambia umechoka, mkimbie, hata akiwa ameshika Biblia. Nabii huyohuyo anasema hivi juu ya mtumishi wa Bwana: "Mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima." Wewe sasa hivi ni utambi unaofuka moshi, na utambi wa namna hiyo hauhitaji kupulizwa kwa nguvu.

Nikienda kwa daktari kwa ajili ya huzuni, si kukosa imani? (Dada, Mpeketoni)

La, dada. Ukiugua malaria unameza dawa na kuomba, vyote viwili. Huzuni iliyokaa wiki mbili au zaidi, ikakunyima usingizi na hamu ya chakula, ni ya kupelekwa hospitali. Na kama umefika mahali pa kuwaza kujidhuru, usisubiri hata kesho, mwambie mtu akusindikize.

Tumaini ni nini kwa mtu asiyehisi lolote? (Mvuvi, Malindi)

Wewe ungenifundisha hili vizuri zaidi. Msimu wa kusi uliopita nilimtazama mzee mmoja akikalafati mashua yake ufukweni, akisukuma pamba katika mshono wa mbao kwa patasi butu, pole pole, na siku nzima hakuingia baharini. Wala hakuna aliyemwambia ameacha uvuvi. Waebrania 6:19 inaliita tumaini nanga ya roho. Nanga hushika ikiwa imezama topeni, machoni pa mtu haionekani, na baharia hulala usingizi ikiwa kazini. Imeshika kwa Kristo aliyefufuka, haishiki kwa hisia zako za asubuhi. Ukikosa maneno, soma Zaburi 88, ambayo inaishia gizani na bado imewekwa katika kitabu cha sala.

Nilihamishiwa Lamu kufundisha. Niko mbali na ushirika wangu, na nilipougua, anayeniletea uji ni jirani yangu Mwislamu. Mbona faraja haitoki kwa watu wa kanisa langu? (Mwalimu, Langoni)

Kabla ya ule mretemu, Eliya alilishwa na mjane wa Sarepta, katika nchi ya Sidoni, mwanamke asiye wa taifa lake wala wa dini yake. Mungu hakuona haya kumtumia, nawe usione haya kula. Watafute Wakristo wachache walio karibu nawe, hata mkiwa watatu jioni ya Jumatano inatosha. Adhana ya alfajiri ikikuamsha, usiihesabu kuwa upweke. Jirani yako anapotawadha, wewe soma zaburi moja. Na siku ukimrudishia bakuli lake, tia ndani maandazi mawili.